Anuani ya Kamera ya Zizi

Juzi dukani kwa watu wa intaneti hapa Kitengela, nilipanga foleni nyuma ya mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe. Akiwa sokoni Namanga, yeye hutazama zizi lake la nyumbani Ewuaso Kedong kwa simu, kupitia kamera. Wiki hiyo kamera ilikuwa imekataa kufunguka.

“Labda anuani ya intaneti ya nyumbani imebadilika, na simu yako bado inatafuta kamera kwa ile ya zamani,” mhudumu alimwambia. “Mama watoto asome namba ya anuani hiyo kwa simu yake, azime WiFi, awashe, halafu asome tena.”

Mzee akampigia mkewe kwa spika, nasi sote tukasikiliza. Mke akasoma namba, akazima. Simu ikakatika papo hapo.

“Amenikatia!”

“Mzee, si ulimpigia kwa intaneti hiyo hiyo umemwambia azime?”

Tukangoja. Hata waliokuwa na haraka hawakuondoka. Mke akapiga kwa laini ya kawaida, akasoma: tarakimu za mwisho zilikuwa tofauti.

“Basi inabadilika,” mhudumu akasema.

“Inabadilika aje na boma iko palepale?”

“Kampuni ndiyo inabadilisha. Ukitaka ya kudumu, unaomba na unalipia kila mwezi.”

Mzee akakuna kidevu. Mkewe alikuwa bado hewani.

“Baba watoto, namba yangu haijabadilika tangu unioe. Lakini ukienda Namanga, unapigia ng'ombe.”

Mzee akazima spika, akainua kidole kutuomba dakika moja, akatoka nje na simu sikioni. Foleni ilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyechukua nafasi yake.