Mama Anataka Kuona Kanisa Nilipomlilia Baba Ujerumani, na Mimi Sijawahi Kupanda Ndege

Admin, nifiche vizuri tafadhali, maana mke wangu husoma hii page akipika. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na saba, mzaliwa wa Kianjai, nina mke na binti mmoja, na nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Meru mjini. Watu huniita Mjerumani. Kanisani ni Mjerumani, sokoni ni Mjerumani. Wanasema niliishi Berlin miaka miwili. Ukweli ni kwamba sijawahi kuvuka mpaka wa Kenya hata kwa mguu.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, baba aliniitia harambee niende ng'ambo kusoma. Kijiji kizima kilikuja. Mzee mmoja alileta mbuzi wake wa pekee, akina mama wakaleta ndizi na maziwa vikapigwa mnada, mchungaji akaniwekea mikono. Kisha wakala aliyetuahidi visa akazima simu nikiwa Nairobi na sanduku langu. Najua mtasema ningerudi nyumbani. Lakini nani kati yenu angeshuka Kianjai na sanduku lile lile, wiki moja baada ya kuombewa? Aibu ilinishinda. Nikaenda mahali ambapo hakuna anayenijua, Kiambere, kule Mbeere karibu na bwawa, nikawa nashona magunia ya ndengu kwa mfanyabiashara mmoja. Nilijiambia ni mwezi mmoja tu, ikawa miaka miwili. Nilipiga simu nyumbani kwa namba iliyofichwa nikisema baridi inaniua, huku jasho linanitiririka mgongoni. Niliporudi nikiwa mweusi tititi, shangazi yangu aliniuliza, "Kwani huko Ulaya hakuna kivuli?" Nikamwambia theluji huchoma ngozi. Wakaamini, na nikaona afadhali iwe hivyo.

Lakini kuna jambo la katikati ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka ule wa pili baba alikufa. Mjomba aliniambia kwa simu, "Tunajua ndege si mchezo. Kaa huko usome, utamlilia huko huko." Ndugu zangu, nilikuwa mwendo wa saa chache tu. Siku ya mazishi nilifika Embu, nikakata tikiti ya Meru, nikaketi kwenye gari. Lilipojaa nikashuka, nikarudi Kiambere. Jioni nikampigia mama, akaniuliza, "Umelilia wapi, mtoto wangu?" Sijui ule uongo ulitoka wapi. Nilimwambia kuna kanisa la zamani la mawe pale Berlin, kwamba nimeingia nikawasha mshumaa na kupiga magoti. Nilikuwa kwenye stoo ya ndengu, nimekaa juu ya magunia, kamasi zinanitoka. Mama akasema asante Yesu, angalau hukuwa barabarani.

Sasa mke wangu, ambaye ni mwalimu, na akina mama wenzake wa kanisa wanapanga ziara ya kuongozwa Agosti shule zikifungwa, na mimi na mama tumo kwenye orodha. Kazi ya kuchagua ziara wakanipa mimi, eti mwenyeji. Waliniletea tatu, mbili zikipitia Berlin. Nikaisifu ile ya Cairo na Istanbul mpaka koo likakauka. Nikasema Ulaya chakula hakina ladha, nikasema ile ya Berlin, Prague, Vienna na Budapest ina kutembea kwingi, mama atachoka. Mke wangu akaniangalia. "Baba Kendi, kila tour iko na Berlin lazima uipate na makosa. Kwani uko na bibi mwingine huko?" Alisema akicheka, lakini siku mbili hakunipakulia chakula. Halafu akaanza kuuliza paspoti yangu ya zamani iko wapi, ya kujazia fomu ya visa. Nikasema ilipotea.

Jumamosi iliyopita mama akaja kutoka Kianjai, peke yake, na ana miaka sabini. Hakutaka hata chai kwanza. "Kijana yangu, mimi sitaki kuona majumba, hiyo naona kwa TV. Mimi nataka hiyo kanisa. Wewe na baba yako hamkuagana, na hiyo kitu imenikaa hapa," akajigusa kifua. "Nipeleke nipige magoti pale ulipiga. Hata wakitupea dakika tano, mimi nitatosheka." Akatoa kwenye mkoba programu ya mazishi ya baba, imefungwa kwa karatasi ya nailoni, haina hata mkunjo. Kwenye orodha ya watoto, kando ya jina langu, wameandika Ujerumani. "Hii ni yako, nilikuwekea. Tutaiacha hapo kwa hiyo kanisa."

Mke wangu alilia. Akasema, "Basi ni ile ya miji nne, ama?" Wote wawili wakaningoja mimi. Nikasema ndiyo, hiyo ni nzuri. Nikatia sahihi mwenyewe.

Juzi kampuni ya ziara ilileta fomu ikiuliza jina la kanisa ili mwongozaji aliweke kwenye ratiba. Tangu hapo ninakaa dukani nikitafuta kwa simu picha za makanisa ya mawe ya Berlin, na nimeshapata moja linalofaa. Mama hatajua tofauti. Atapiga magoti, atamwombea baba na kunishukuru, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake nimemshikia mkoba. Nikifikiria hiyo picha ninashindwa hata kumhudumia mteja. Mahali nilipomlilia baba hasa papo Kiambere, na naweza kumpeleka mama tukarudi siku hiyo hiyo. Lakini ana shinikizo la damu, na sijui kama mke wangu atabaki na mimi akisikia.

Fomu inarudishwa Ijumaa, na hapo kwenye jina la kanisa bado pako wazi. Nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini pia. Niandike nini hapo?