Wakili Aliyeisoma Stima Ikaisha

Kwanza niseme wazi kwamba mkasa huu wanaopenda kuusimulia ni watu wa Nyacheki, na wanatia chumvi kweli kweli, eti nilizimia, eti nilimwagiwa maji ya debe, kwa hivyo afadhali muusikie kutoka kwangu mwenyewe mwenye aibu yangu. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa afadhali.

Ilikuwa miaka ya sabini, ndiyo kwanza nimefungua ofisi ya uwakili mjini Kisii, chumba kimoja juu ya duka la nguo, na wateja hakuna. Kabla ya hapo nilikuwa Nairobi kwa wakili mmoja mkubwa aliyeshughulikia mambo ya nyaya za stima kupita kwenye mashamba ya watu, nani akubali, nani alipwe fidia, nguzo isimame wapi (kazi yangu mimi ilikuwa kuandika barua na kumbebea faili, lakini hilo sikulitangaza). Basi wakulima wa chai wa Nyacheki wakasikia kuna kijana anayejua sheria za stima, wakaniletea shida ya Mong'ina Kwamboka, mama mjane, ambaye nyaya zilitakiwa zipite juu kabisa ya nyumba yake. Ofisa wa mkandarasi wa nyaya hizo alikuwa anakuja kwenye baraza la chifu, mama aweke kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali, mambo yaishe. Mong'ina alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wajukuu wangu wanalala mle ndani. Usiniache." Tangu hapo usingizi ukanipaa.

Siku ya baraza nikavaa suti, suruali ni ile ya belbotomu, inabana juu na kupanuka chini, mvua ya jana imeacha uwanja majimaji, hoja za sheria nazikariri kimoyomoyo. Mwenyekiti wa wakulima, Mzee Ombati, akachukua kipaza sauti anitambulishe, na mnajua sisi tukimtambulisha mtu hatumwachi mpaka tumfikishe mbinguni. "Huyu kijana wetu," akasema, "stima ameisoma yote ikaisha! Hata Nairobi ikizimika, wanampigia simu yeye!" Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo ningesema, hapana Mzee, mimi nimesomea sheria tu. Nikatabasamu. Hata mkono nikapunga, mjinga mimi.

Ofisa naye akapewa kipaza sauti, akaanza, "Wananchi, stima haina madhara yoyote," mara spika ikakata. Jenereta linanguruma (la kuazima kwa mwenye kinu cha posho), lakini sauti hakuna. Chifu akageuka kunitazama. Baraza zima likageuka.

"Wakili, si uko hapa? Tutengenezee."

"Chifu, labda tumwite fundi..."

"Fundi gani tena na wewe upo?"

Yesu wangu! Nikamtazama Mong'ina, naye ananitazama vile mgonjwa anavyomtazama daktari, nikaona nikisema sijui, huyu mama ataweka kidole leo leo, maana nani atasikiliza hoja za mtu aliyeumbuka? Nikaenda. Nikachuchumaa kwenye nyasi zilizolowa kama mtu anayejua anachotafuta, nikaona mahali nyaya zimeungwa bila kufunikwa, nikajiambia ni hapa hapa, nikazishika nizikaze.

Sijui niwaeleze vipi. Kitu kilinipiga kuanzia vidoleni mpaka kwenye meno, nikarushwa kinyumenyume, nikamdaka tai ofisa aliyesimama kando yangu, tukaanguka wote wawili matopeni, suruali ikapasuka kutoka mbele hadi nyuma, na spika, Mungu anisamehe, ikapona wakati huohuo! Mimi namwita mama yangu kwa lugha yetu ya Ekegusii kwa nguvu zangu zote, kipaza sauti kiko mkononi mwa ofisa karibu na mdomo wangu, mpaka wachuma chai ng'ambo ya bonde wakasikia.

Wakacheka! Chifu mwenyewe alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi nimekaa kwenye matope, nimejifunika koti mapajani, najua kesi imekwenda, nyumba ya mama imekwenda, na ofisi nayo nikaifunge tu.

Ndipo Mong'ina akasimama. Hakuwa anacheka hata kidogo.

"Ofisa," akasema, "hii ni stima ya kusemea tu, na imemrusha mtu aliyeisoma ikaisha. Hiyo yako kubwa unataka ipite juu ya watoto ambao hawajasoma?"

Kicheko kikakatika. Ofisa, matope mpaka masikioni, akaanza kujipangusa tai. Chifu akamuuliza kama nguzo haziwezi kufuata barabara, akasema zinaweza, na kweli zikafuata barabara. Hoja zangu za sheria nilirudi nazo Kisii zote, hata moja sikuitoa, nimefungwa leso ya Mong'ina kiunoni.

Wiki iliyofuata wakaja ofisini wazee wawili wa Nyakoe, nao nyaya zinataka kuwapitia. Nikafurahi, nikakaza tai, nikafungua kitabu cha sheria. Mmoja wao akanyoosha mkono akakifunga taratibu.

"Wakili, maneno acha. Wewe njoo tu uishike tena, ofisa akiwa anaona."

Nikaapa siku hiyo, na kiapo nimekishika: popote ninapotambulishwa nasimama kabla mtu hajamaliza, nasema nimesomea sheria, stima siijui. Na nyumbani balbu ikiungua, mke wangu ndiye anayepanda kiti, mimi nangoja nje uani mpaka aniite.