Injini Niliyoifunga kwa Ngozi

Nilisoma hadi darasa la pili tu. Mengine nilijifunzia chini ya magari, nimelala chali, oili ikinidondokea usoni. Kwa hiyo miaka ile ya mwisho ya tisini, pikapu yangu ilipoanza kugonga kila nikiondoka kwa gia ya kwanza, sikuhitaji kuambiwa. Maunting ya kushoto ilikuwa imekatika. Hiyo ni raba nene kati ya vyuma viwili, na injini inaikalia. Ikikatika, injini inainuka upande mmoja kama mgonjwa anayetaka kutoka kitandani na hawezi.

Nilikuwa nikibeba maziwa. Kina mama wa Kiorma, jamii ya wafugaji, waliyakusanya alfajiri huko kwenye maboma, nami nikayafikisha mjini Garsen kabla jua halijawa kali. Mafuriko yalishapita, yakaacha barabara mashimo matupu, na magari yaliyokubali kuingia huko yalikuwa mawili: langu, na la jamaa mmoja mwenye gari jipya na mdomo mrefu. Kazi hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye jembe. Nikiipoteza, ningerudi kulima ukingoni mwa mto kwa umri ule, na mgongo wangu ulishakataa.

Spea ilikuwa Malindi. Mabasi yalikuja kwa msafara na askari kwa hofu ya majambazi, na siku nyingine hayakuja. Fundi wa Garsen akaniambia, "Mzee, laza gari wiki hii. Ngoja raba."

Nilimjibu kwamba nilianza kufungua injini yeye akinyonya.

Wafugaji wa huku hufunga vitu vyao kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Unakata ukanda, unaufunga ungali na maji, ukikauka unakaza hata kisu kinateleza. Nikatafuta ukanda, nikauzungusha mara nne kuunga injini na chesisi, fremu ya gari, nikaliachia jua likaushe. Kesho yake injini ilitulia. Siku sita nilipita mbele ya karakana ya yule fundi nikipiga honi.

Siku ya saba mvua ilikuwa imenyesha. Nikaliingia dimbwi lililofika ekseli, madumu ya maziwa yamejaa nyuma, kina mama watatu juu yake. Ngozi ikilowa inarudi kuwa nyama. Nililijua hilo tangu utoto, na bado niliingia. Nilipokanyaga mafuta nipande ng'ambo, ukanda ukaachia, injini ikaruka, feni ikaingia kwenye rejeta, tangi la maji ya kupoza. Mvuke ukatoka. Basi.

Tulikaa hapo hadi adhuhuri bila gari kupita. Mkubwa wao, mama mtu mzima asiyepaza sauti, akaniuliza, "Mzee, gari imekufa?"

"Haijafa. Imechoka."

"Ng'ombe ikichoka namna hii, sisi nachinja."

Wenzake wakacheka. Akainama kwenye boneti, akauvuta ule ukanda uliolegea kama utumbo, akanitazama.

"Hii hata mtoto yetu hawezi peleka kwa maji."

"Nilikuwa nangojea spea."

"Ungesema. Sisi nangoja pamoja na wewe."

Neno hilo lilinichosha kuliko jua. Nikaifunga boneti.

Maziwa mabichi ya kuuzwa kwa chai mjini yalikuwa yameshaharibika. Mengine waliyamwaga, mengine wakayabeba mgongoni kurudi nayo. Akaniambia kesho watampa yule mwenye gari jipya, nami nikasema sawa. Trekta la shamba likanivuta hadi mjini jioni, watu wa sokoni wakitazama.

Raba ilifika siku ya nne baada ya hapo. Fundi aliziba rejeta kwa risasi ya kuyeyusha. Maunting niliifunga mwenyewe. Jeki chini ya sampu, bakuli la oili, juu yake kipande cha ubao ili bati lisibonyee, nikainua injini kidogo kidogo hadi uzito ulipotoka kwenye raba iliyokufa. Nati ya chini ilikuwa imeshikwa na kutu. Nilivuta spana hadi mikono ikachoka, nikapumzika, nikavuta tena. Zamani nisingepumzika.

Fundi akachutama pembeni. "Usiikaze nati ya chini kabla ya juu haijakaa, mzee."

"Najua."

"Najua unajua."

Nikafanya kama alivyosema.

Alfajiri iliyofuata nikaenda maboma. Gari la jamaa lilikuwa hapo, nusu ya madumu tayari ndani. Sikushuka kubembeleza, sijui kubembeleza. Yule mama akaja dirishani kwangu.

"Fungua mdomo ya gari."

Nikashuka, nikafungua boneti. Aliinama akachungulia muda mrefu, akaingiza mkono, akaibonyeza raba mpya kwa kidole gumba. Mwanamke ananikagua kazi mbele ya watu, na mimi nimesimama kama mwanafunzi niliyekataa kuwa.

"Washa. Peleka mbele, rudisha nyuma."

Nikapeleka, nikarudisha. Haikugonga.

Akawaambia wenzake kwa lugha yao. Wakaleta manane kati ya madumu yaliyobaki, ya familia yake tu. Yale ya wengine yakaondoka na jamaa.

"Hii ya nyumbani kwangu," akasema. "Wale wengine watatazama kwanza."

Nikamwambia watazame. Nikaingia garini polepole kwa sababu ya mgongo, nikalizunguka lile dimbwi kwa mbali.