Jina Ambalo Mashine Haikuulizwa

Shamba la mkonge nje ya mji wa Lindi lilipobinafsishwa, mnunuzi alitaka ofisi, hakutaka makaratasi. Nikaomba kadi za vibarua kabla hazijachomwa moto. Nilikuwa profesa wa kompyuta Dar es Salaam, nikitafiti namna ya kuifundisha mashine kusoma mwandiko wa makarani wa zamani: itambue umbo la kila neno, na ukiipa jina la mtu ikuletee kadi yake. Wenzangu walidhani ni sayansi tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtafuta mjomba.

Mama yangu, mkulima wa Mchinga, alikuwa na kaka mmoja tu. Kaka huyo aligombana na babu, akaenda kukata mkonge, asirudi tena. Kila akiswali mama alimwombea, asijue amwombee kama mzima au kama marehemu. Hilo ndilo lililomtesa.

Mashine ilipokuwa tayari, niliandika jina la mjomba. Hakuna. Nikajaribu majina yanayokaribiana nalo. Hakuna. Nikaenda Mchinga na majivuno yangu ya usomi, nikamwambia mama, "Hayumo."

"Umetafuta vizuri, mwanangu?"

"Mama, mashine haisahau."

Wiki ileile mama akamsomea kaka yake hitima, kama marehemu.

Miaka michache baadaye mama naye akafariki. Msibani, mtani wetu, bibi mmoja mwenye ulimi mkali, alikaa katikati ya ua akitutukana kama mila inavyomruhusu. Akamtaja mjomba kwa jina la utotoni, lile ambalo mvulana huliacha jandoni anapopewa jipya. Kwetu, kumwita mwanamume kwa jina hilo ni kumvunjia heshima. Mama asingelitamka hata angewekewa kisu shingoni. Watu walicheka. Mimi nilijiona mjinga kuliko wajinga wote. Nilipita jando mwenyewe, nikabadilishwa jina mwenyewe, na bado sikuwahi kumuuliza mama kama mjomba alikuwa na jina jingine!

Niliporudi chuoni nililiandika jina lile, ambalo hata hapa silitaji. Kadi ikaja papo hapo. Ndilo alilojiandikishia, nadhani ili babu asimpate, maana kwetu hakuna ambaye angemuulizia kwa jina hilo. Chini karani alikuwa ameandika: ameacha kazi, amehamia Mitole, Kilwa.

Nikasafiri hadi Mitole. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo, mgongo umepinda. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza mimi ni mtoto wa nani. Jembe likamponyoka. Akanishika mikono yote miwili, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kipande kwa kipande, paji la uso, pua, kidevu.

"Marahaba, mpwa wangu," akasema. "Umefanana naye kabisa. Dada yangu hajambo?"