Daktari wa Pichani

Habari kwamba rafiki yangu amepata kazi nilipewa na yeye mwenyewe, nikiwa uani nasafisha migebuka wa mama. Mikono ilikuwa na damu ya samaki, kwa hiyo simu niliibana kwa bega.

"Besti, PDF imetoka! Nimepangiwa Mpanda! Mpanda si ndiyo kwenu?"

Ndiyo kwetu. Nimezaliwa Makanyagio, nimesoma Makanyagio, na kila mwenye genge kuanzia kwetu mpaka sokoni ananijua kama mtoto wa mama migebuka. Nilimpongeza. Nilicheka hata mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha. Alipokata simu nikanawa mikono, nikaitafuta hiyo PDF ya walioitwa kazini, nikalipitisha jicho jina baada ya jina. Halafu nikaandika jina langu kwenye kisanduku cha kutafutia, maana macho yanaweza kudanganya. Macho hayakuwa yamedanganya.

Tulisoma famasi chuo kimoja Dar es Salaam, tukalala chumba kimoja miaka yote. Kwenye mitihani nilimzidi. Si sana, lakini nilimzidi, na mtu mwenye wivu hasahau jambo la namna hiyo.

Nilimpokea stendi. Alishuka na mabegi matatu na miwani ya jua, akauliza kama kweli huku simba wanafika mpaka mjini. Nikamwambia wanafika, tena wanapanda bodaboda. Akacheka mpaka akanishika mkono, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, kwa sababu ni mtu wa kupendeka. Angekuwa na roho mbaya, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Mama alichinja kuku. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema akipakua, na firigisi akaiweka kwenye sahani ya mgeni. Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya baba. Tangu baba afariki ilikuwa yangu. Nilikula paja langu.

Wakati wa chai mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa vidonge vya presha. Kimoja ni kile kinachokojoza. Mama alikuwa anakimeza kabla ya kulala, halafu usiku kucha anaamka kwenda chooni, asubuhi analalamika hakulala. Nilishamwambia mara ngapi: kimeze asubuhi. Alikuwa ananijibu kwamba mimi bado mtoto, dawa ya mtu mzima inafuata chakula kizito. Sasa akamkabidhi mgeni kile kidonge kama anayekabidhi siri.

"Daktari, hebu niangalizie hiki."

"Hiki meza asubuhi, mama," rafiki yangu akasema, mdomo una andazi.

"Unaona?" Mama akanigeukia. "Daktari kasema asubuhi."

Tangu siku hiyo mama alilala vizuri. Mimi ndiye niliyebaki macho.

Rafiki yangu akaanza kazi hospitali, dirisha la dawa. Nikamtafutia chumba mtaa wa pili, nikamtafutia fundi wa kitanda, nikamwonyesha wapi wanauza mchele wa Kibaoni usio na chenga. Halafu, yeye akishaingia kazini, mimi nilikuwa nazunguka mjini na bahasha. Hospitali waliniambia niandike barua ya kujitolea, nisubiri. Kwenye maduka madogo ya dawa waliniogopa. Mama mmoja alivyosikia nina digrii akasukuma bahasha yangu pembeni: "Mwanangu, nyie wasomi hatuwawezi. Mimi nataka binti wa kozi fupi." Siku hizi vyuo vinaangua wafamasia kama vifaranga wa mashine, na huku kwetu famasi kubwa unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kila famasi inataka mfamasia mmoja. Akishaingia, mlango umefungwa.

Kisha nikasikia Haji anafungua famasi karibu na soko. Haji ni mfanyabiashara wa mchele, mtu wa Kibaoni, mtaratibu, mwenye kofia iliyofuliwa vizuri, na mama aliwahi kumuuzia samaki kwa mkopo enzi anaanza. Nikaona Mungu amenikumbuka. Kilichokuwa kimebaki ni usajili wangu tu, maana bila usajili wewe ni msomi wa kawaida. Ulichelewa. Ulipotoka, sikungoja hata nywele zikauke, nikaenda mbio na cheti changu.

Famasi ilikuwa inanukia rangi mpya. Rafu za kioo, friji ya dawa, taa nyeupe. Ukutani, juu ya dirisha la kutolea dawa, kulikuwa na cheti cha usajili kwenye fremu, na pembeni yake picha iliyokuzwa studio: rafiki yangu, koti jeupe, mikono ameikunja kifuani, anatabasamu.

"Shikamoo Haji," nikasema, macho yakiwa ukutani.

"Marahaba binti. Ah, unamfahamu daktari wetu?"

Haji alinieleza kwa upole. Sheria inataka cheti cha mfamasia ukutani, yule wa hospitali alikuwa nacho tayari, wakaandikiana mkataba. Yeye hafiki dukani, ana kazi yake. Kinachofanya kazi ni cheti. "Ila dirishani nahitaji mtu," akaniambia. "Kama hutajali."

Mwenye nacho huongezewa. Nilikuwa nimeisikia kanisani tangu utotoni, ila siku hiyo ndipo nilipoielewa. Mwenzangu alikuwa na kazi mbili, moja yake mwenyewe na moja ya picha yake. Mimi nilikuwa na cheti kipya ndani ya bahasha, na njaa. Nikamwambia Haji sitajali.

Jioni nikamuuliza rafiki yangu mbona hakuniambia. Akashangaa kweli. "Besti, si usajili wako ulikuwa bado? Halafu ni cheti tu!" Ni cheti tu. Rahisi kusema ukiwa nacho ukutani.

Basi nikawa nafanya kazi chini ya picha yake. Asubuhi nilifuta vumbi, kwanza kaunta, halafu rafu, mwisho uso wake. Kuna siku nilimruka. Vumbi la Mpanda halina huruma, ndani ya siku mbili alikuwa mwekundu, nami nilimwacha hivyo hadi Haji alipoona.

Kazi yenyewe niliipenda, na hilo lilizidi kuniumiza. Wafugaji walikuja na fimbo zao, wanauliza, "Nyie hapa dawa ya ng'ombe mnayo?" Wengine walitaka rangi mbili, ile antibayotiki, vidonge vitano tu, kana kwamba ni pipi, nami nilibishana nao mpaka wakakubali kwenda kupima kwanza au wakaondoka wamenuna. Nilimkuta mama mjamzito anataka dawa ambayo ingemdhuru, nikamzuia, nikamweleza. Akanisikiliza vizuri hadi mwisho. Halafu akainua macho juu ya kichwa changu.

"Na huyo daktari wa pichani yuko wapi? Nilikuwa nataka nimuulize yeye."

Siku nyingine alikuwa mzee, siku nyingine kijana. Daktari wa pichani anakuja saa ngapi? Daktari wa pichani anasemaje? Nilijibu yupo hospitali, na nilikuwa nasema kweli.

Wakaguzi walikuja siku ya Jumanne, mvua imetoka kunyesha. Haji aliwaona wakipaki ng'ambo ya barabara, akapiga simu. Kabla hawajamaliza kukagua friji, rafiki yangu alishuka kwenye bodaboda, viatu vina tope, koti jeupe mwilini. Akaingia, akasalimia, akakaa kwenye stuli yangu. Mimi nikasimama kando ya maboksi ya maji ya dripu.

"Na huyu?" mkaguzi akauliza.

"Huyu ni msaidizi wangu," rafiki yangu akasema.

Alinikonyeza. Alidhani tunacheza mchezo mmoja. Cheti changu kilikuwa kwenye mkoba, hatua chache kutoka kwa yule mkaguzi, na ulimi ulikuwa unaniwasha. Ningesema neno moja tu, fremu ingeshuka. Ila na famasi ingefungwa, na mimi ningerudi kwenye migebuka. Nikashika kitambaa, nikapangusa kaunta iliyokuwa safi.

Wakaguzi walipoondoka alininunulia soda. "Umenisitiri, besti." Niliinywa yote. Ilikuwa ya baridi na nilikuwa na kiu, lakini sikumwambia asante.

Halafu akapata uhamisho. Mumewe mtarajiwa yuko Dodoma, barua zikapita haraka, zake siku zote hupita haraka. Alikuja kuaga na bisibisi mkononi, akapanda kwenye stuli, akafungua skrubu mwenyewe. Ukutani pakabaki miraba miwili ya rangi safi.

"Besti," akasema akiwa amekumbatia fremu zake, "nimekuachia ukuta."

Sikulia stendi. Mama ndiye aliyelia. Akamfungia migebuka wakavu kwenye gazeti, akamsihi awe anapiga simu, na wiki hiyohiyo alipobadilishiwa dawa kliniki akaniambia, "Hebu mpigie mwenzio umuulize."

"Mama, mimi niko hapa."

"Najua uko hapa. Mpigie."

Haji akanituma studio. Nilivaa koti langu la mafunzo, nikakunja mikono kama yeye, maana niliogopa nikikaa vingine Haji ataona tofauti. Mpiga picha akanisafisha uso mpaka chunusi zikaisha. Siku ya kuning'iniza picha na cheti changu, mama alikuja na kitenge cha harusi, akasimama katikati ya famasi, akaangalia juu muda mrefu.

Hapo Haji akaniita pembeni. "Binti yangu, umehangaika mno. Sasa pumzika. Jumatatu anakuja mpwa wangu, amesoma kozi fupi, atakaa dirishani. Wewe utaletewa chako nyumbani kila mwisho wa mwezi. Wakaguzi wakija nakupigia, bodaboda nalipa mimi."

Najua wenzangu wangapi wangepiga magoti kwa maneno hayo. Rafiki yangu nilipomwandikia alijibu papo hapo: "Umelamba dume!" Lakini mimi nilitazama ile picha, ngozi laini, mikono imekunjwa, imepata kazi, na nikaionea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote. Nilikuwa nimemngoja yule mmoja aondoke ukutani. Sasa aliyekaa mahali pangu alikuwa mimi.

"Haji," nikasema, "cheti hakiwezi kumuuliza mgonjwa kama ana mimba."

"Mpwa wangu atauliza."

"Basi niazime bisibisi."

Alicheka kwanza. Halafu akaniona navuta stuli, akaacha kucheka, kwa sababu bila fremu ile kesho yake asingefungua mlango. Tulivutana mpaka adhana ya adhuhuri ikakaribia. Mwisho akasema hawezi kulipa watu wawili: kama nang'ang'ania kukaa, nitakaa kwa mshahara wa mpwa wake, na cheti kitakaa bure. Nilikubali upesi kuliko ilivyofaa. Mpwa wake akapelekwa kwenye duka la mchele, na mpaka leo tukikutana ananitazama kwa jicho la pembeni. Nalifahamu hilo jicho la pembeni kuliko mtu yeyote Mpanda. Na kusema ukweli linanifurahisha, sijawahi kuonewa wivu kabla.

Jumatatu asubuhi palikuwa na foleni. Mama alikuwa kwenye foleni. Hakuwa ameniambia kama atakuja. Alisimama nyuma ya mfugaji mmoja, akangoja zamu yake, na ilipofika akanitazama kama mtu asiyenijua, akainua kidole juu ya kichwa changu.

"Namtaka huyo daktari wa pichani."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Kidole kilibaki juu.

Nikaenda nyuma ya rafu. Koti langu lilikuwa kwenye msumari. Sikuwahi kulivaa pale, nilikuwa naona kama nguo ya mtu mwingine. Nikalivaa, nikafunga vifungo vyote, nikarudi dirishani.

"Karibu mama. Nimeambiwa unaniulizia."

Mama akafungua fundo la kitenge, akaweka vidonge vyake vipya juu ya kaunta. "Daktari, presha imeshuka. Naweza kuziacha hizi?"

Nilishamjibu hilo jikoni, uani, na kitandani kwake. "Hapana mama. Imeshuka kwa sababu unazimeza. Endelea nazo kila siku."

"Haya. Asante, daktari."

Akafunga fundo, akasogea pembeni kumpisha aliyefuata, akiwaeleza wale wa nyuma kwamba daktari kasema zisiachwe. Alitii kwa neno moja. Nilisimama ndani ya lile koti, vidole juu ya kaunta, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu huyo aliyelivaa.