Miche ya Nyuma ya Jiko

Majani machungu yakichemka hutoa harufu inayokaa kooni hata kabla hujanywa kitu. Harufu hiyo hunirudisha kwenye nyumba yetu ya Ilemela, mvua za vuli nilipokuwa darasa la tano. Miche ilijiotea kati ya mawe nyuma ya jiko, mbegu zikiwa zimeangushwa na ndege, nami nilipewa kazi ya kupalilia: mpera uachwe, mlonge uachwe, mwarobaini uachwe, mingine ing'olewe. Bibi, mama yake baba, alinisifu mbele ya wageni kwamba mjukuu wake anajua miti kuliko watu wazima, na mimi niliamini.

Siku moja Mama alivuka ziwa kwenda Sengerema msibani. Bibi akaamka na homa, akanituma majani ya mwarobaini. Mti mkubwa ulikuwa kwa jirani mwenye mbwa mkali. Nyuma ya jiko kulikuwa na miche miwili iliyonifika kiunoni, niliyoiacha nikidhani ni mwarobaini. Nikachuma hapo. Nakumbuka mkono ulisita, kwa sababu jani halikuwa kama nilivyolizoea: kikonyo kimoja kilizaa vikonyo vingine, na vijani vilijipanga kwenye vile vidogo. Kuuliza si ujinga, lakini aliyezoea kusifiwa huona aibu kuuliza. Nikachemsha.

Bibi alimaliza kikombe kizima. Mchana akaanza kutapika, akishika tumbo, miguu ikamwisha nguvu. Nilikaa kizingitini nikimsikiliza, nikijiambia ni homa tu, huku nikijua sivyo. Jirani nilimwona akianua nguo, na sikumwita. Mama aliporudi jioni tulimpakia Bibi kwenye bajaji mpaka zahanati.

"Amekula nini leo?" muuguzi aliuliza.

"Uji, na dawa ya mwarobaini," Mama akajibu.

Bibi alinitazama. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio nilikiona kimefika mlangoni.

"Sina hakika kama ulikuwa mwarobaini," nikasema.

Muuguzi hakunigombeza. Alinituma nilete tawi, nikakimbia kwenda na kurudi, kifua kikiniuma. Aliligeuza chini ya taa. "Mwarobaini kikonyo chake ni kimoja, vijani huku na huku. Huu unafanana nao tu, na una sumu." Usiku huo Bibi alihamishiwa hospitali kubwa akiwa na dripu mkononi. Alilazwa siku nne, na siku zote hizo Mama hakunipiga wala hakusema nami.

Bibi aliporudi nyumbani nilimpigia magoti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ulianza lini kuwa na shaka?"

"Wakati nachuma."

"Kwa hiyo ulizionea huruma sifa zako kuliko ulivyonionea mimi."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanipenda, lakini hakunituma majani tena.

Leo nina bustani yangu Nyakato. Watoto wangu hupiga picha mche na simu huwaambia jina lake papo hapo, nalo mara nyingine si lake. Juzi binti yangu aliniuliza kuhusu mmoja uliojiotea kando ya tangi la maji. Niliinama, nikahesabu vikonyo, nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Tutauliza." Hakushangaa, akaendelea kumwagilia. Neno lenyewe lilikuwa jepesi kiasi hicho, hata siku ile nyuma ya jiko.