Haja Yangu Si Ndogo

Baba mkwe wangu alikuwa anaumwa kiuno. Ndivyo ilivyosemwa nyumbani kwetu Susuni, na mimi nilisema hivyo hivyo, ingawa kila mtu alijua kiuno chake hakina shida. Mtu wa kiuno hatoki kila mara kwenda kusimama nyuma ya zizi, akarudi amenuna. Lakini kwa sisi Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe wana soni kati yao. Sikai alipokaa, simpi kitu mkononi, na habari za chini ya mkanda hazitajwi mbele yangu. Kwa hiyo kikawa kiuno.

Kikatibiwa kama kiuno. Akanunuliwa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua yenye harufu ya kupasua pua. Kuna aliyesema ni yutiai, maana siku hizi hata ukipiga chafya una yutiai. Yutiai mimi naijua, ilinikamata nikiwa na mimba: unakimbilia chooni, unatoa matone, na matone yenyewe yanachoma kama pilipili. Ya mkwe wangu haikuwa hiyo. Jiko langu liko karibu na zizi, na masikio hayana soni. Nilimsikia anasimama, anasubiri, anaguna, kisha vitone viwili vitatu, basi. Nikaendelea kukoroga uji.

Asubuhi moja hakutoka ndani. Jirani aliyekwenda kumjulia hali alirudi mbio akasema mzee anatoka jasho na tumbo limekaza chini ya kitovu. Mama mkwe alishatutoka, mume wangu yuko machimboni na simu yake haipatikani. Jirani akamwingiza kwenye Probox ya abiria, akarudi kwa ng'ombe wake. Mimi nikakaa nyuma kabisa, tukaenda Tarime mjini. Kila shimo la barabara mzee aliguna. Nilikasirika, tena sana. Niliikasirikia barabara, nikamkasirikia mume wangu, na hicho kiuno chao pia.

Hospitalini mzee aliegemeza fimbo yake kwenye benchi, kando yangu, maana yake nibaki hapo. Akaingia kwa daktari peke yake. Daktari alikuwa kijana wa Tanga, Kikurya hajui hata salamu. Mlangoni palikuwa na pazia tu.

"Shikamoo mzee. Pole. Haja ndogo inatokaje?"

Kiswahili cha mkwe wangu ni cha mnadani, cha kuuzia ng'ombe. Huko haja ni shida iliyokuleta. Akaona kijana anamdharau.

"Haja yangu si ndogo," akasema. "Ni kubwa. Imenitoa Susuni."

"Aa, haja kubwa! Imefunga?"

"Imefunga. Tangu jana."

"Basi panda kitandani nilishike hilo tumbo."

"Sishikwi. Toa dawa."

Kijana akabembeleza, mzee akagoma. Mwishoni nikasikia daktari anasema atampa ya kulainisha choo, isipomsaidia arudi.

Loo! Kicheko kilinipanda, nikakiziba kwa kanga. Niliona wazi mambo yatakavyokwenda: atakunywa hiyo dawa, atarudi Susuni, na atakufa amejaa mkojo, nasi tutawaambia waombolezaji kwamba mzee alisumbuliwa na kiuno. Niliogopa. Niliogopa kifo chake na niliogopa kile nilichotaka kukifanya, na sijui kipi kilizidi.

Nikachukua fimbo, nikaingia kinyumenyume, nikampa mzee mgongo. Nikaishika ile fimbo mbele ya uso wangu.

"Wewe fimbo," nikasema, "mwambie daktari kwamba bwana wako hajakojoa tangu jana. Kinachofunga ni mkojo."

 

"Mama," daktari akasema, "unaongea na nani?"

"Na fimbo. Wewe uliza tu."

Hakucheka, namshukuru mpaka leo. Akauliza kama mkojo unachelewa kuanza, kama unakatikakatika, kama mzee anaamka usiku mara kwa mara, kama amewahi kuona damu, maana huku ukanda wa ziwa kichocho hakijatuacha. Kila swali nililigeuza Kikurya nikaiuliza fimbo.  La kwanza mzee akakohoa, kisha akaanza kuijibu fimbo, polepole, nami nikamgeuzia daktari, na fimbo ikajua mambo ambayo hata mwanawe hakuwahi kuambiwa. Ile shida ilikuwa naye tangu mavuno ya mwaka juzi.

Wakamwekea mpira wa kutoa mkojo. Mimi nilishatoka, niko kwenye benchi. Nilisikia mkojo unaingia ndooni, unaingia tu, haukomi, kisha mzee akashusha pumzi moja ndefu. Nililia pale pale mbele za watu.

Baadaye daktari alituita akaeleza. Kila mwanaume ana tezi dume, kitezi kidogo chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Umri ukienda kinaweza kunenepa kikaibana njia. Si lazima iwe saratani, lakini vipimo vifanyike. Mkojo ukikaa bila kutoka unaharibu figo, na mzee amefika kabla mambo hayajaharibika kabisa. Huenda akahitaji upasuaji.

Mkwe wangu alishika neno moja tu, dume. Akaigeukia fimbo, kwa Kiswahili chake.

"Waulize kama wanataka kunihasi kama maksai."

"Hapana, mzee," daktari akasema, safari hii akiitazama fimbo. "Tunafungua njia tu."

Alipasuliwa, akapona. Hakunishukuru, wala sikutegemea. Tulirudi kwenye soni yetu, yeye kwake, mimi jikoni kwangu. Nyuma ya zizi siku hizi hakawii. Nasikia.

Juzi asubuhi nilifungua mlango wa jiko nikakuta fimbo imeegemezwa ukutani. Haikuwa ya mkwe wangu, hii ilikuwa nyeusi, imefungwa waya kichwani. Kule zizini walisimama wazee wawili wamenipa mgongo, wanaangalia ng'ombe kana kwamba hawajawahi kuwaona. Mmoja alikuwa baba mkwe. Mwingine ni rika lake, jirani wa ng'ambo ya mto, ambaye tangu kiangazi tunaambiwa anaumwa kiuno.

Nikajifuta mikono, nikaichukua ile fimbo.

"Wewe fimbo," nikaiuliza, "una haja gani?"

Yule mgeni akainama. Mkwe wangu ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha mnadani, bila kugeuka.

"Haja yake si ndogo."